Hesabu Inaishia Getini

Oya, Fundi wangu wa kusoma barua za watu! Karibu, vuta kiti. Hizi ni barua zangu na dada yangu. Usiniulize kwa nini hatukutumiana ujumbe wa simu kama binadamu wengine. Simu ya dada ilizama kwenye beseni la kufulia, na yeye akasema afadhali, sasa amepumzika. Dada ni dobi. Nilipopata kazi kiwandani, mbali na nyumbani, aliapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayegusa mashati yangu. Basi huwa nayafunga furushi, nampa kondakta wa basi, na barua naichomeka kwenye mfuko wa shati la juu, nakala nabaki nayo. Yanarudi yamenyooka, na jibu limo mfukoni. Ananiita Kiherehere. Soma tu, utajua kwa nini.

*

4 Machi

Dada Mkubwa, shikamoo.

Kaa kwanza. Umekaa? Wamenitoa stoo!

Yule bosi wa mazingira, tunamwita Bosi Kijani kwa sababu ya tai zake, alinikuta nahesabu marobota ya vitambaa kwenye kompyuta kwa njia niliyojifunza mwenyewe kwenye video. Akasimama nyuma yangu, akanywa chai yake yote. Halafu: "Wewe umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwenye simu, bosi, ila kioo kimepasuka." Kesho yake nimo ofisini kwake, kwenye kiti kinachozunguka. Nimekizungusha sana, Dada, mpaka nikakatazwa.

Kazi yenyewe hii hapa. Kampuni nzima, viwanda vyote vitano, malori, majenereta, kila kinachochoma kitu tunakihesabu kinatoa hewa ukaa kiasi gani, halafu tunaipunguza. Wale wanunuzi wakubwa wa shuka wameanza kuuliza maswali, hawataki kampuni yenye moshi mwingi. Taa tumebadilisha. Umeme wa jua umepanda mapaani. Madereva wamekatazwa kuacha injini inanguruma huku wao wanapiga soga. Lakini kuna jitu moja linatushinda: boila la idara ya kutia rangi. Linachemsha mvuke kutwa kucha, na karibu nusu ya moshi wetu wote unatoka kooni mwake. Nikilimaliza hilo, mimi si mtu wa stoo tena maishani.

Msalimie shemeji. Mwambie mpwa wangu mjomba anapigana na joka.

Mdogo wako,
Kiherehere

*

13 Machi

Kiherehere, marahaba.

Nilikaa, halafu nikasimama, maana mashuka ya gesti hayajifui yenyewe.

Kwa hiyo siku hizi unalipwa kwa kuhesabu hewa. Nilipomwambia shemeji yako alicheka mpaka akasahau kuwa hana kazi. Halafu akakumbuka. Tangu ile kazi yake ya kujenga barabara iishe hajaitwa popote. Anaamka alfajiri, anavaa viatu, anafunga kamba, anakaa navyo ukingoni mwa kitanda. Usiombe kuona mwanaume aliyefunga kamba za viatu na hana pa kwenda.

Mpwa wako anauliza joka lina meno mangapi. Ujibu haraka, ameshanichosha.

Na kola ya shati la bluu unaichafua na nini? Hiyo ni shingo au ekseli ya lori?

Dada yako,
Dobi

*

6 Aprili

Dada Mkubwa, shikamoo!

Joka limekufa! Nimeliua bila hata kulishika!

Sikiliza. Wahandisi wamekaa vikao chungu nzima: tubadilishe mafuta, tununue boila jipya, tuzibe mabomba yanayovujisha mvuke. Kila njia ghali. Mimi niko pembeni naandika kumbukumbu za kikao, ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Kwani lazima tutie rangi sisi?" Nikaendelea, unanijua, nikianza sikomi. Kazi ya rangi apewe mkandarasi wa nje. Atie rangi kwake, akaushe kwake, atuletee vitambaa tayari. Hesabu yetu inaishia getini. Kinachochomwa nje ya geti si chetu!

Bosi Kijani akaniangalia kama mtu aliyeokota pochi. "Rudia," akasema. Nikarudia. Wakapiga makofi, Dada, wazee wenye suti wananipigia mimi makofi! Boila limeshazimwa. Moshi wa kampuni umeshuka kuliko ulivyowahi kushuka. Picha yangu itabandikwa kwenye viwanda vyote.

Mkandarasi ameshapatikana. Sijui atakaa wapi, huko huko kwenye viwanja vya bei poa. Hayo si ya ofisi yetu.

Joka halikuwa na meno, mwambie mpwa wangu. Lilikuwa na domo tu.

Kiherehere, MSHINDI

*

20 Mei

Mshindi wangu, marahaba.

Samahani nimechelewa. Huku nako makofi yamepigwa.

Shemeji yako amepata kazi! Unakumbuka lile ghala bovu nyuma ya ukuta wetu, ulikokuwa unakojoa ukiogopa giza la choo? Limefunguliwa. Wameleta mapipa, wameleta boila limefungwa minyororo kwenye lori, na shemeji yako amechukuliwa kuwa mchochea moto. Siku ya kwanza alirudi mweusi tii, meno tu ndiyo yanaonekana, anacheka. Nilimmwagia maji uani kama gari. Majirani nao wamepata: kijana wa fundi viti, mume wa muuza mkaa, wengi. Mtaa mzima unanukia vitunguu jioni. Zamani ungesikia harufu ya vitunguu ukajua nani kapokea mshahara. Sasa huwezi kujua.

Moshi upo. Lakini moshi ni moshi, palipo na kazi pana moshi.

Ukiona shati jeupe lina vidoadoa usiniseme. Nimelifua mara mbili.

Dobi

*

1 Juni

Dada Mkubwa, shikamoo.

Hongera kwa shemeji. Nimefurahi sana. Kweli.

Shati nimeliona. Vidoadoa nilivipangusa kwa kidole, vikawa mistari.

Naomba kuuliza tu, bila sababu yoyote. Hilo ghala ni la nani? Wanatia rangi vitambaa vya kampuni gani? Na boila wanalichochea kwa nini, kuni au mafuta? Muulize shemeji, ila usimwambie ni mimi nauliza. Yaani unaweza kumwambia. Lakini usimwambie.

Ofisini mambo mazuri. Wamenipa cheti. Nimekitundika, halafu nikakitoa, kilikuwa kimekaa upande.

Mdogo wako

*

14 Juni

Kiherehere, marahaba.

Hujajiita Kiherehere, unaumwa?

Mambo yameharibika kidogo. Gesti wamenirudishia mashuka. Mwenye gesti alilikunjua moja mbele ya watu, akaniambia, "Dobi, haya umefua au umechoma?" Masizi yanashuka kama unga. Naanika saa mbili, saa tatu nasuuza upya. Zahanati nao wamechukua makoti yao. Kamba zangu zimebaki na soksi za shemeji yako, na zenyewe zilishakuwa nyeusi toka zamani.

Nimeuliza uliyoyataka. Walianza na mafuta. Sasa wanachoma matairi chakavu na oili chafu, kwa sababu mkandarasi anasema kampuni inamlipa kiduchu na inataka vitambaa mbio. Shemeji yako ndiye anayekata matairi. Kikohozi chake usiku kinamwamsha mtoto, na cha mtoto kinaniamsha mimi.

Lakini sikiliza habari njema! Kwenye marobota kuna nembo ya ndege aliyekunja bawa. Nikasema, huyu ndege namjua, mbona namfua kila wiki! Ndiye aliyeko kwenye mashati yako ya kazi! Kumbe ni vitambaa vyenu! Nimemwambia kila mtu mtaani: tulieni, mdogo wangu yuko huko huko, tena ofisi ya hewa. Mwambie mkubwa wako tu. Wasilifunge, aka, watu wanakula hapo. Wamkataze kuchoma matairi, wamwongezee hela ya mafuta, basi. Kwako hilo ni jambo la dakika.

Tunakungoja.
Dada yako

*

22 Juni

Dada, shikamoo.

Nimepokea maelezo yako kuhusu hali ya moshi. Jambo hili lina utaratibu wake. Mkandarasi ni mtu huru, anajitegemea, na kampuni haina mamlaka ya moja kwa moja juu ya uendeshaji wake. Hata hivyo suala limepokelewa na litatazamwa kwa wakati unaofaa.

Kwa sasa, je, inawezekana kuanika ndani?

Nimeweka na dawa ya kifua ya mtoto kwenye furushi. Imo ndani ya soksi.

Wako

*

30 Juni

Wewe.

Barua hii umeiandika mwenyewe au ulikaliwa kichwani na karani wa mahakama? "Suala limepokelewa." Limepokelewa na nani? Mimi niliyekufunga nepi ndiye unayeniambia nina suala?

Kuanika ndani. Ndani ipi? Unakijua chumba chetu. Tukianika shuka moja, shemeji yako inabidi alale nje.

Nimesoma barua yako mara nyingi, nimeigeuza nyuma nione kama umeniandikia kitu kingine. Wewe huwa unamwaga maneno kama sufuria ya uji inayofurika, leo unanihesabia. Unaficha kitu. Ulipovunja redio ya baba uliongea hivi hivi, kwa adabu.

Nijibu swali moja. Nani aliyewaza kuileta kazi hii huku?

Dada yako

*

6 Julai

Dada Mkubwa,

Ni mimi.

Sikujua ni kwenu. Haki ya Mungu sikujua ni nyuma ya ukuta wetu. Lakini nimekaa na neno hilo, "sikujua ni kwenu", na linanichoma badala ya kunitetea. Maana nilijua ni kwa mtu. Nilisema kinachochomwa nje ya geti si chetu, nikapigiwa makofi, sikuuliza nje ya geti kuna nani. Nilidhani kuna nini sijui. Kuna barabara. Kuna nyasi.

Moshi haukupungua hata kidogo, Dada. Umeongezeka. Boila letu lilikuwa zee, lakini halikuwahi kula tairi. Mimi niliuhamisha tu moshi, na kalamu ikafanya kazi iliyobaki. Picha yangu iko ukutani kwenye viwanda vyote vitano, nimekenua. Nikipita kwenye korido naangalia viatu.

Nimelijua hili tangu shati lenye vidoadoa. Nikajifanya nauliza. Halafu nikakuandikia kama karani, kwa sababu nilitaka unikasirikie kwa jeuri tu, usifike kwenye hili.

Kesho kutwa kuna kikao. Nitasema mbele ya wote kwamba boila la mkandarasi lihesabiwe kama letu. Likihesabiwa, watalazimika kulitengeneza.

Usimwambie shemeji bado. Au mwambie. Wewe ndiye mkubwa.

Mdogo wako

*

9 Agosti

Dada, shikamoo.

Furushi limerudi. Mashati hayajafuliwa, yamekunjwa vilevile nilivyoyakunja, na mifuko yote niliichungulia, hamna barua. Nimevaa shati chafu kazini wiki hii. Nilistahili.

Nilisema kwenye kikao. Nilisimama, nikasema yote: matairi, masizi, kifua cha mtoto. Hakuna aliyepiga kofi. Bosi Kijani akanivuta koridoni.

"Kijana, ukiliingiza boila lile kwenye hesabu, tumerudi tulikotoka na zaidi. Wanunuzi wanaondoka. Viwanda vitano hivi, watu wote hawa, utawalisha wewe?"

"Bosi, tumpe mkandarasi hela ya mafuta safi."

"Hiyo hela ndiyo tuliyookoa. Ndiyo iliyokupandisha cheo."

"Basi nishusheni."

Akacheka, Dada, tena si kwa ubaya. Akanishika bega: "Nani analalamika huko?" Nami kwa ujinga wangu nikasema, "Dada yangu. Dobi. Nyuma ya ukuta." Akasema, "Ahaa. Basi hilo tutalimaliza." Nikashusha pumzi. Nilidhani nimeshinda, lakini mwezi umepita na hajaniambia analimaliza vipi.

Niandikie hata tusi.

Kiherehere

*

28 Agosti

Mdogo wangu,

Walikuja Jumatatu na lori. Walilifunga boila minyororo kama walivyolileta, wakalipandisha, wakaondoka. Mkandarasi ameambiwa ahamie mbali na watu wanaolalamika. Wachache wanamfuata huko huko. Shemeji yako aliomba aende. Mkandarasi akamwambia mbele ya wenzake, "Wewe baki na mkeo, hewa si imeshakuwa nzuri?"

Kweli hewa ni nzuri. Mashuka yangu, kama ningekuwa nayo, yangetoka meupe kama maziwa. Gesti wameshapata dobi mwingine. Muuza mkaa alinipita kisimani, akasema bila kunitazama, "Wenye ndugu wakubwa wanajua kuzima moto wa wenzao." Nilibeba ndoo yangu nikaondoka. Mimi ndiye niliyetamba mtaani kwamba mdogo wangu yuko huko huko.

Shemeji yako amerudi kufunga kamba za viatu na kukaa kitandani.

Sikukuomba uzime. Nilikuomba wapunguze. Ninyi wenye kalamu, mtu akisema chakula kina chumvi mnamwaga sufuria.

Nilikaa kimya mwezi mzima na zaidi kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, halafu nikawa na hasira na mimi. Mtoto alikuwa anakohoa, na mimi nasema palipo na kazi pana moshi. Mpaka mashuka yalipoingia doa ndipo nikakuandikia. Hilo nimeliona mwenyewe, hukunionesha wewe. Sasa kikohozi chake kimepungua.

Hela uliyotuma imefika. Nimeipokea, sina ujanja. Nakuomba kitu kimoja, na ninakuomba kama ninavyoomba chakula: usije ukaacha kazi kwa sababu ya aibu. Aibu yako hatuwezi kuipika.

Lete mashati.

Dada yako,
Dobi

*

12 Septemba

Dada Mkubwa, shikamoo.

Jana nilitumwa kukagua eneo jipya la mkandarasi. Bosi Kijani kanipa gari na dereva, na maneno haya: "Nimekutafutia mahali ambapo huna ndugu." Alidhani ananifanyia wema. Sijui, labda kweli alikuwa ananifanyia wema.

Ni kiwanja kizuri. Boila limeshashushwa, limelala kwenye nyasi. Nyumba zinaanza pale tu ukuta unapoishia. Nilishuka na kalamu yangu, nikajifanya napima. Akatoka mama mmoja anajifuta mikono, watoto wake wakubwa wawili nyuma yake, vijana wenye mabega, hawana la kufanya. Akaniletea kiti. Mimi, Dada! Akaniletea kiti, akakipangusa kwa khanga yake.

"Wewe ndiye unayeleta kiwanda, baba?"

Nikasema mimi ni mkaguzi tu.

"Ndio hao hao. Tumesubiri sana. Mnaanza lini?"

Nikamwambia, "Mama, kuna moshi. Si moshi wa jikoni. Moshi wa matairi. Watoto watakohoa."

Akaniangalia, akaangalia vijana wake. "Sasa hivi wanakohoa bure," akasema. "Mwandike mkubwa kwanza. Ana nguvu."

Akasimama pale, Dada, ananisubiri niandike.

Ripoti ya eneo iko mezani kwangu. Nikiweka sahihi kwamba panafaa, boila linawashwa na mshahara wangu unakuja kwenu kama kawaida. Nikiandika ukweli, kwamba moshi ule ni wetu na uhesabiwe kwetu, Bosi Kijani ameshaniambia stoo hakuna nafasi na nje ya geti ni kubwa. Nanyi mtakula nini? Na vijana wa yule mama nao watakuwa wamefunga kamba za viatu bure.

Nilidhani nikisema ukweli mara moja inatosha. Kumbe unatakiwa kila siku, kama kufua.

Mdogo wako,
Kiherehere

*

Hii ya mwisho sijaituma, Fundi. Iko mfukoni mwa shati, shati liko kwenye furushi, na kondakta anapiga honi nje. Najua dada atanijibu nini, ameshanijibu: tia sahihi, tule. Na yule mama naye atasema hivyo hivyo. Wote wawili wananiomba nifanye kile ambacho nikikifanya nitashindwa kuwatazama usoni. Bosi Kijani ameshachungulia mlangoni mara ya pili, anatabasamu, anataka karatasi yake.

Kalamu hii hapa. Hebu ishike wewe. Ungeandika nini?